Tatu–Saba, Saba–Tatu

Jumamosi, 12 Aprili

Masika yameanza kwa ugomvi, na mimi pia. Asubuhi nimegombana kwa simu na Ammar, mhariri wangu, mpaka chai ikapoa. Nilimpelekea makala ya kusema kwamba mtoto wa Unguja anaweza kufundishwa hesabu yote kwa Kiswahili, tangu kuhesabu embe hadi seti na grafu. Akanijibu kwa ule upole wake unaoniudhi: "Bi Muzna, makala nzuri, lakini ni maneno. Umeshamfundisha nani?"

Nikamwambia kwamba yeye anakula kwa maneno, na siku akiyadharau atalala na njaa. Nikakata simu. Kisha nikakaa dirishani nikitazama maji yakishuka kwenye ukuta wa jirani. Njia yetu hapa Kokoni ni nyembamba hata mvua huingia kwa upande mmoja tu. Nikaona Ammar ana haki kidogo. Hilo sitamwambia.

Alasiri akapiga Mwanamwema wa Kichangani, shoga yangu, kiongozi wa ushirika wa wanawake wanaolima mwani kule kusini. "Shoga, njoo utuamue. Watu wanataka kutoana macho."

Ugomvi wao naujua. Zamani kila mwanamke alipiga vigingi vyake pale miguu ilipomfikisha. Sasa maji ya karibu na pwani yanapata moto, mwani unaoza kwenye kamba, na kila mtu anataka kulima mbali, penye maji baridi. Huko mbali hapawatoshi wote.

Nimemwambia nakuja kesho. Nakuja na dawa.

Jumapili, 13 Aprili

Mwezi mpevu, bamvua kubwa. Maji yalikimbia mpaka ukingo wa mwamba, na bahari ikawa uwanja wa mchanga mweupe wenye vidimbwi, kila kidimbwi na kipande chake cha wingu. Nilitembea ndani yake nimeshika viatu mkononi, na kwa muda sikujua kama natembea chini au juu.

Wanawake walikuwa wamekwishakusanyika, arobaini na kitu, buibui zimefungwa viunoni. Niliwachorea mchangani kwa fimbo. Mstari mmoja unafuata pwani, kutoka kusini kwenda kaskazini, tukaugawa mara saba. Mstari wa pili unatoka pwani kwenda maji makuu, nao tukaugawa mara saba. "Chukueni kila namba ya pwani," nikasema, "muipe kila namba ya maji. Moja na moja, moja na mbili, moja na tatu, mpaka saba na saba. Jozi zote zinazowezekana. Hesabu inaita hili zao."

"Zao?" akasema mmoja. "Kabla hatujapanda?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, kwa kuwa vitabu nilivyosoma vinaliita zao hilo kwa jina la Mfaransa, na hakuna Mfaransa aliyewahi kuchekwa vizuri namna ile.

Ikabaki kona, pale mistari miwili inapokutana, panapoanza kuhesabiwa kila kitu. Kitabuni panaitwa asili. Neno lile lilinikwama. Mimi nimezaliwa Kokoni, mama yangu kazaliwa Kokoni, na bado kila baada ya uchaguzi hutokea mtu wa kuniuliza asili yangu wapi, kama kwamba ngozi ni tikiti ya meli na ya kwangu ina tarehe ya kurudi. Nikawaambia sitaki neno hilo. Mwanamwema akafikiri kidogo, akasema, "Basi tupaite kitovu. Mtu kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa." Tukapiga kigingi kinene pale, na wakapaita kitovu tangu saa ile. Nani asema Kiswahili hakitoshi?

Halafu kura. Tulikuwa na vibao vidogo ndani ya pakacha, kila kimoja na namba mbili za rangi nyeusi: ya kwanza ya pwani, ya pili ya maji. Mwanamwema alitia mikono yote miwili. "Huu wa kulia wangu," akasema, "huu wa kushoto wa wifi yangu Nasima. Yuko Tumbatu, kamzika mama yake." Nasima ni mke wa Usi, mdogo wake Mwanamwema. Mkono wa kulia ulitoka na 3–7. Wa kushoto 7–3.

Nilifurahi kama mtoto. Nikavinyanyua vibao viwili vile juu, wote waone. "Namba zilezile," nikapaza sauti, "mahali mbalimbali kabisa! Tatu–saba ni hatua tatu za pwani, saba za maji: huko mbali, kwenye maji baridi. Saba–tatu ni karibu, maji ya moto. Mpangilio ndio kila kitu. Mkikosea mpangilio, mnaamkia kwenye shamba la mtu."

Wakarudia kwa pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani: mpangilio ndio kila kitu.

Mwanamwema akapiga kamba zake siku ileile, akazifunga mbegu ya mwani. Kisha akawahimiza wenzake wamfungie na Nasima kwenye saba–tatu, maana aliyefiwa hafanyi kazi. Nilipenda moyo wake. Ni mkali, mwenye sauti, hamwogopi mtu. Nikijitazama kwenye kioo kizuri ndivyo ninavyotaka kujiona.

Jumatano, 16 Aprili

Bintiye Mwanamwema amejifungua Jang'ombe, mtoto wa kike. Bibi amehamia huko kumlea mzazi mpaka arobaini itimie.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Makala imetoka. Barua mbili za matusi, moja kwa Kiingereza kibovu.

Jumatatu, 28 Aprili

Bamvua ya mwezi mwandamo. Nilikwenda Kichangani kutazama vigingi. Huko ndiko nilikomwona Nasima mara ya kwanza, katoka msibani. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, sauti yake unaifuata kama unavyofuata harufu. Kijijini anawafundisha watoto Kurani.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba. Pole kwa msiba."

"Tushapoa. Nimeambiwa mmenifungia kamba. Mwenyezi Mungu awalipe."

Wanawake waliokuwepo wakaitikia amin. Mvua ilikuwa inakuja kutoka baharini, ukuta wa kijivu, na mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia kwa sentensi moja: "Kibao chako kina namba mbili. Ya kwanza ni ya pwani, ya pili ni ya maji, unahesabu kutoka kwenye kitovu pale. Rahisi." Akakitazama kibao chake. "Naam, nimefahamu," akasema, na mvua ikatufunika sote.

Naandika hapa kwamba ni mtu wa maji yaliyotulia. Sijui kama nimemsifu.

Jumapili, 4 Mei

Jana nilisoma habari za seti mpaka macho yakanifumba, na nikaota zao.

Seti ya kwanza ilikuwa watu waliopata kuishi ndani ya nyumba hii. Ya pili ilikuwa vyumba vyake. Zao haliulizi nani alikuwa na desturi gani. Linampa kila mtu kila chumba. Nilimkuta baba jikoni. Baba hakukanyaga jikoni maisha yake yote, hata maji ya kunywa aliletewa. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, taratibu, na machicha yalimwangukia kwenye kanzu. Alionekana mtu aliyekuwa na hamu ya kazi ile tangu ujana.

Mama alikuwa nje barazani, mahali pa wanaume, kakunja goti, kikombe cha kahawa mkononi, anacheka kwa sauti na wapita njia wanampa salamu. Ami Matar, aliyefia Maskati kabla sijamjua, alikuwa chumba cha juu, na kwenye ngazi, na chini kisimani, kila mahali yupo mzima. Nilipanda na kushuka. Kila mlango niliofungua ulikuwa na mtu, na kila mtu alinitazama kama niliyechelewa.

Niliamka mvua ikipiga mabati ya jirani. Nikakaa kitandani muda mrefu. Jozi zote zile zingewezekana. Nani alituchagulia hizi chache tulizoishi?

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Jang'ombe kumpongeza mzazi. Chumba kizima kinanukia uji wa pilipili manga na mafuta ya nazi. Mtoto analala ngumi zimefumba. Mwanamwema kanenepa kwa furaha.

"Mwani wangu uko salama?" akaniuliza.

"Uko bahari ya mbali, nani ataufikia?"

"Nnakwambia shoga, nikitoka hapa nnakwenda kuvuna kabla sijavua buibui. Na wifi yangu vipi? Anafanya kazi?"

Nikasema sijui, nilimwona mara moja tu.

"Si mbaya," akasema, huku anamgeuza mtoto. "Lakini humjui moyoni. Hasemi. Na mtu asili yake mbali, utamjuaje?"

Nilitaka kumrukia. Neno lilelile, na mdomo uleule uliotoa kitovu! Lakini mzazi alikuwa anasinzia, na mjukuu kamkamata bibi yake kidole. Nikanyamaza. Nimenyamaza mara chache sana maishani, na kila mara najuta.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Njia zimejaa maji mpaka kwenye vizingiti. Hakuna umeme.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua nyepesi. Nimejibu barua ya tatu ya matusi kwa Kiswahili fasaha.

Ijumaa, 30 Mei

Mwanamwema amerudi kwao, na mwani wake haupo.

Alinipigia mchana, na mwanzoni sikumwelewa kwa kilio. Alifika pwani juzi, na buibui mwilini kama alivyoniahidi, akatembea mpaka tatu–saba. Kamba tupu. Mwani wote umekatwa, mwani ulionona kama mikia ya paka. Akauliza. Kila mtu aliona na hakuna aliyejua anachoona: Nasima alivuna mchana kweupe, siku mbili mfululizo, akabeba kichwani, akaanika uani kwake. Watu walidhani wamepatana kifamilia. Na kule saba–tatu, kiwanja cha Nasima mwenyewe, zile kamba walizomfungia kwa huruma zimeoza. Hakuzigusa hata siku moja.

"Nimekwenda kwake," Mwanamwema akasema. "Namwambia, wifi, mwani wangu umeupeleka wapi? Ananitazama kama mimi ndiye mwenye wazimu. Ananiambia, wangu huu. Namwambia lete kibao. Kaingia ndani, kanitolea kibao, kanisukumizia mkononi, kaanza kulia. Saba–tatu, shoga! Saba na tatu, nimeiona kwa macho yangu! Mtu anakutolea ushahidi wa wizi wake mwenyewe, halafu analia yeye!"

"Hakusema kitu?"

"Kasema kibao ndicho kinachosema. Basi. Kafunga mlango."

Nilimwona Nasima vile alivyokuwa siku ya mvua, ameinamisha uso, nimefahamu, nimefahamu. Kumbe alifahamu vizuri! Nilimweleza mimi mwenyewe. Hawezi kusema hakujua. Utulivu ule nilioudhani wa maji ulikuwa wa paka.

Ushirika umekaa. Atatolewa, na kiwanja chake atapewa mwingine. Usi hali chakula nyumbani. Amemwambia mkewe kwamba akithibitika mwizi wa dada yake, atamrudisha Tumbatu. Na Mwanamwema ametangaza kwamba Sikukuu ikipita, Ijumaa ya pili yake, atasomesha halbadiri nyumbani kwake dhidi ya aliyemwibia. Maalim Makungu amekubali kuja kuisoma.

Nimeandika makala mbili dhidi ya halbadiri. Nimesema ni kumtishia mtu kwa dua, kumtia hofu ya kuvimba tumbo na kufiwa na watoto mpaka akiri hata asichokifanya. Leo, Mwanamwema aliponitajia, nilijikuta nasema, "Haya, na ijulikane."

Jumamosi, 7 Juni

Sikukuu. Nyama imekuja kutoka nyumba tatu. Eid Mubarak kwa kila mtu isipokuwa mwandishi wa zile barua.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandika makala kali kupita zote. Kichwa chake "Mpangilio na Amana". Sikutaja jina wala kijiji. Nimesema kwamba taifa linaporomoka pale mtu anapoona namba iliyo wazi, akaigeuza kwa tamaa yake. Nilipoimaliza niliisoma kwa sauti nikitembea ukumbini, na sauti yangu ilinipendeza.

Ammar alipiga saa moja baada ya kuipokea. "Kali," akasema. "Huyu mwanamke umemsikia na yeye?"

"Hana la kusema."

"Kakwambia hivyo?"

"Ammar, kibao chake kina saba na tatu. Hesabu haina maoni."

"Mimi hesabu nilifeli, Bi Muzna. Nauliza tu kama umekwenda kumsikia."

Nikakata simu. Mtu niliyemdharau miaka yote hii kwa woga wake! Kiti kikanichoma. Mvua imepungua, na mara ya kwanza tangu Aprili nimesikia njiwa juani juu ya paa. Keshokutwa nakwenda, nipate sentensi moja kutoka kinywani mwake nimfungie nayo Ammar mdomo.

Jumatano, 11 Juni

Naandika kabla haijanitoka.

Nilimkuta Nasima na watoto wa chuo uani, wamekaa mkekani. Mwani mkavu umefungwa kwenye magunia pembeni, hajauza hata kidogo. Aliwaruhusu watoto, akanikaribisha ndani. Chai, mkate wa kumimina. Macho yake yamevimba.

"Umekuja kunitoa maneno," akasema.

"Nimekuja kukusikia."

"Sina maneno. Wasome halbadiri yao. Mimi siiogopi, itampata aliyeiba." Kisha sauti ikapungua. "Nnachokiogopa mimi ni Usi. Kaamini kabla hajaniuliza."

Nikamwambia alete kibao. Akakileta, akakiweka juu ya meza mbele yetu. 7–3. Nikasema, kwa ule ukali ninaoutumia ninapojua nimeshashinda, "Haya. Nisomee."

"Tatu, saba," akasema.

Ananidhihaki usoni! "Soma tena, Nasima. Vizuri."

Akanyoosha kidole. Kidole chake kilikwenda upande wa kulia, kikashuka juu ya tatu. "Tatu," akasema, taratibu, kama anavyomsomesha mtoto. Kikateleza kwenda kushoto. "Saba."

Nikakifuata kidole kile, kisha nikainua macho. Nje watoto walikuwa wanarudia aya bado, walikataa kwenda kwao. Mlangoni palikuwa na ubao wao mweusi, na maandiko yote ya Kiarabu yameanzia kulia, yameegemea kulia, kama watu wanaotembea kwenda upande mmoja.

"Skuli ulisoma mpaka darasa gani?" nikamwuliza.

"Sikusoma skuli. Baba hakutaka. Nimesoma chuoni, nikahitimu, nikafundisha."

Mara alfu maishani mwangu nimesema neno kwanza. Nimelipigia kelele gazetini na pwani. Namba ya kwanza! Kana kwamba kwanza ni mahali, kama Kokoni au Kichangani, unafika tu ukifuata njia. Sikuwahi kuuliza kwanza iko upande gani. Na mimi ndimi niliyekataa neno asili kwa kuwa lina kiburi ndani yake.

Nilimweleza Nasima. Alisikiliza hadi mwisho, akakitazama kibao muda mrefu, akageuza kichwa upande huu, kisha upande ule. Hakukasirika. Alisema tu, "Basi ni kweli nimekata mwani wa wifi," na akajifunika uso kwa mtandio. Alikuwa na nguvu ya kusingiziwa. Ya hili hakuwa nayo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwanamwema, mbio, kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho.

"Maneno ya mjini," akasema.

"Mwanamwema, kidole chake nimekiona!"

"Kidole hakikati mwani. Kisu ndicho kikatacho. Ulituambia mwenyewe, mpangilio ndio kila kitu. Leo mpangilio si kitu? Kesho utaniambia mwani haukuwepo." Akapuliza makapi. "Nshatangaza. Watu washaalikwa. Nirudi nyuma, nionekane mimi ndiye niliyemsingizia?"

Pale ndipo nilipomwona, na ule mfanano wetu ukaniuma. Ndivyo ningejibu mimi. Neno kwa neno.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelala kwa jamaa hapa Kichangani. Nimeota bahari imegeuzwa, saba imekaa mahali pa tatu, na kila mwanamke amesimama kwenye kiwanja cha mwenzake akimwita mwenyewe. Kulikuwa na jua kali na hakuna aliyekuwa na kivuli.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya sala ya alasiri uani kwa Mwanamwema palijaa. Wanaume walikaa barazani na Maalim Makungu, wanawake ndani. Ubani ulikwishafukizwa, kahawa iko motoni, halua imekatwa. Hakuna aliyecheka. Walikuwepo walioleta watoto wao na wakawarudisha, kwa hofu dua isije ikapotea njia.

Kabla hawajaanza, Nasima akaingia. Alikuwa na gunia la mwani kichwani, na nyuma yake wasichana wawili wa chuo na magunia mengine. Akayateremsha mbele ya Mwanamwema.

"Wifi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akinyanyua sauti, "huu wako. Nimekata si changu. Nisamehe. Lakini usinisomee mimi mwizi, kwa sababu sikuiba."

"Mtu kukata si chake ni nini basi?" mwanamke mmoja akauliza.

"Kafundishwa na yule wa mjini la kusema," akasema mwingine, na macho yakanigeukia.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzima. Mwanamwema akaninyooshea kiganja, nyamaza, akainuka, akachukua kipande cha makaa penye moto wa kahawa, akainama na kuandika sakafuni, juu ya saruji, namba mbili. 2–8. Hazikuwa namba za kiwanja cha mtu yeyote, nane hatuna.

"Soma," akamwambia Nasima.

"Nane, mbili."

Minong'ono. "Anajifanya!" akasema yule wa kwanza. "Ameshajifunza!"

Kutoka pembeni, penye rundo la mikeka, ikatoka sauti kavu ya Bi Duni, mamake mkubwa Mwanamwema, mkongwe ambaye nilidhani amelala. "Ajifanye nini?" akasema. "Si nane mbili hiyo? Au mnaona nini nyie?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Wakamwuliza Bi Duni tena, akasema nane mbili, akakasirika, akasema macho yake mabovu lakini si namna hiyo, na yeye kahitimu kabla hawajazaliwa mama zao. Wanaume barazani wakauliza kuna nini.

Mwanamwema hakucheka. Aliyatazama maandishi yake sakafuni. Nilimwona akiyasoma kutoka kushoto, kisha, midomo ikimcheza, kutoka kulia. Yeye naye alikaa chuoni akiwa mtoto. Alikuwa nayo njia ile ndani yake siku zote. Akayafuta kwa unyayo.

"Mwambieni Maalim," akasema, akiutazama ukuta, "ubani ushafukizwa na watu washakuja. Asome maulidi. Mjukuu wangu hajasomewa."

Akainama kuokota masinia. Nasima alikuwa bado amesimama katikati ya magunia, mikono imening'inia, hajui kama aondoke au abaki. Mwanamwema akafika mlango wa jikoni, na bila ya kugeuka akaita, kwa ukali uleule anaomwitia kila mtu:

"Wifi! Utasimama hapo mpaka lini? Vikombe havijaoshwa."

"Naam," akasema Nasima, akaenda.

Barazani nilimwona Usi. Hakuingia. Lakini watu walipotawanyika, mikono yake ndiyo iliyoyabeba magunia yale aliyoyakataa dada yake, na njia aliyoshika ilikuwa ya nyumbani kwake, mkewe akiwa mbele.

Jumanne, 17 Juni

Nimeichana "Mpangilio na Amana". Nimempelekea Ammar makala nyingine, fupi, juu ya neno kwanza. Kajibu: "Hii nimeifahamu." Sikumjibu kitu cha maana. Nimemshukuru tu.

Alhamisi, 26 Juni

Bamvua. Masika yameisha, anga limeoshwa mpaka unaona upande wa pili. Wanawake walibishana asubuhi nzima juu ya vibao. Mimi nilitaka mshale. Wakaukataa. Wameamua rangi: namba ya pwani nyekundu, namba ya maji buluu, na uanzie upande unaoutaka. Mwanamwema anadai wazo ni lake. Bi Duni anadai ni lake.

Kiwanja cha Nasima kimebaki saba–tatu, na ushirika umemwongezea kingine cha mbali kilichokuwa hakina mtu. Mwani aliourudisha haukugawanywa. Mwanamwema kaukataa wote kwa hasira, akasema kukata pia ni kazi, na Nasima kaukataa wote kwa kilio, na sasa uko kwa Bi Duni, ambaye hakuukataa.

Saa nne maji yakatoka. Nilisimama kwa mbali, kitambaa kichwani, miguu kwenye maji ya vuguvugu. Wifi wale wawili walikuwa tatu–saba, wamevuta kamba mpya baina ya vigingi viwili, na kila mmoja anafunga mbegu kutoka mwisho wake, mmoja kushoto, mmoja kulia, wameinama, migongo kwenye jua. Mwanamwema alikuwa anasema bila ya kupumzika. Nasima alikuwa anajibu neno mojamoja. Maji yalikuwa meupe sana hata ilionekana kama kamba inaelea hewani na wao wanaishona kwenye mbingu. Walikwenda hivyo taratibu, wakikaribiana, mpaka mikono yao ikagusana katikati, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeanza.